Toa Baiskeli Nje, Uende Gamboshi

Kuna sentensi moja inayosemwa Bariadi kila Jumamosi, na wanaoisema ni vijana wenye akili zao, waliosoma, wengine wanajiita waandishi: "Hapa hakuna pa kwenda." Wakishasema hivyo wanakaa kijiweni mpaka jua linazama, wanabishana Simba na Yanga, wanasubiri siku watakayopata nauli ya Mwanza. Jamani! Mji umezungukwa na nchi pande zote nne, halafu eti hakuna pa kwenda.

Nasema wazi, na atakayekasirika akasirike. Pa kwenda papo. Chombo cha kwendea nacho kipo, kimeegemezwa ukutani nyumbani kwa baba, tairi zimelala. Kinachotuzuia ni aibu.

Hebu tuichambue hiyo aibu. Wazee wetu walipouza pamba, baiskeli ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kununuliwa, pamoja na ng'ombe na bati la nyumba. Mwenye Raleigh au Phoenix alihesabika. Ikaja pikipiki, na tangu hapo anayepanda baiskeli anaonekana ni mtu aliyeshindwa. Baiskeli ni ya muuza mkaa, ni ya muuza maziwa. Kijana msomi akionekana juu yake anaulizwa, "Vipi kaka, mambo magumu?" Lakini mzungu akipita na ya kwake kuelekea Serengeti, haohao wanasimama kumpiga picha! Magurudumu ni mawili kwa mawili. Tofauti ni rangi ya mguu unaokanyaga pedeli. Huo ndio uhuru wetu wa fikra?

Wapo wachache wanaojaribu, ila wanakosea pa kuanzia. Wanashika lami ya Lamadi, kama kilomita 70, au ya Maswa, kama 50. Sina ugomvi na lami. Mgonjwa anafika hospitali, pamba inafika kiwandani, mama ntilie anapata samaki wa ziwani kabla hawajaharibika. Lakini mwenye baiskeli kwenye lami ni mkimbizi. Basi linawahi muda, lori linapiga honi, wewe unatupwa pembeni kwenye kokoto. Unarudi umekasirika, unatangaza kwamba baiskeli haina raha. Raha utaipataje hapo? Ulifuata barabara, hukutafuta njia. Barabara imechorwa na mhandisi. Njia imechorwa na miguu ya watu na ya ng'ombe, na hiyo ndiyo ya baiskeli.

Njia hiyo usiitafute kwenye ramani kwanza. Anzia kwa fundi baiskeli pale chini ya mti. Yeye anajua kila mteja miiba yake kaitoa wapi. Kisha muulize muuza maziwa anayeingia mjini alfajiri na madumu kwenye keria. Huyo hana anasa ya kukosea: anajua wapi pana mchanga unaomeza tairi, wapi kijito hakivukiki baada ya mvua, mlima upi unapandika na upi unasukumwa. Tunampita kila siku bila hata salamu, na ndiye profesa wa somo hili.

Wazee nao waulize udongo. Kisukuma kina majina ya kila aina. Luseni ni ule mwepesi wa kichanga unaokaa juu miinukoni. Mbuga ni ule mweusi mzito wa mabondeni. Kuanzia mvua za Novemba hadi Aprili, ukiingia mbugani umekwisha: tope linajaza magurudumu mpaka hayazunguki, unaibeba baiskeli iliyopaswa kukubeba. Msimu huo kaa juu, kwenye luseni. Mwezi Mei mpaka Agosti mambo yanageuka. Mbuga imekauka na kupasuka, njia za ng'ombe zimekuwa ngumu kama sakafu, na mashamba ya pamba yanakwenda meupe kushoto na kulia. Toka saa kumi na mbili asubuhi. Saa tano jua linakuwa adui, kwa hiyo saa hiyo uwe chini ya mkwaju wa mtu, umekaribishwa maji.

Na utakaribishwa, ukiwa na adabu. Shuka kwenye baiskeli, usimsalimie mzee ukiwa juu kama bwana shamba wa mkoloni. Sema "Mwangaluka" asubuhi, "Mwadila" jioni. Uliza njia, usikilize jibu: hutaambiwa kulia wala kushoto. Utaambiwa Kiya, mashariki, Ng'weli, magharibi, Sukuma, kaskazini, Dakama, kusini. Mtoto wa darasa la pili kule anajua dira kuliko sisi wenye simu mfukoni. Ila upande wa Kiya kuwa mwangalifu, usiendekeze giza. Kule nchi inakwenda kuishia kwenye hifadhi, na tembo hutoka wakaingia vijijini. Yule hapigi honi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Ndani ya Wilaya ya Bariadi kuna kijiji kiitwacho Gamboshi. Tanzania nzima inakijua kwa sifa moja: eti ni makao makuu ya wachawi. Mtu wa Dar es Salaam asiyejua Simiyu iko wapi anaijua Gamboshi. Tunachekesha nayo, tunatishia nayo watoto, na baadhi yetu tumeitungia hadithi. Nauliza: kati ya sisi tunaoiandika, wangapi tumefika? Dar wana udhuru wa umbali. Sisi tuna udhuru gani? Kule kuna watu wanaolima na kufuga, wana watoto wa kusomesha na shida ya maji kama kijiji kingine chochote. Hilo haliandikwi, kwa sababu kulijua kunahitaji jasho, na uvumi hauhitaji.

Msiseme ni utani tu. Usukumani utani huu umeua. Kwa miongo mingi vikongwe wamekatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na "ushahidi" ukawa macho mekundu. Macho mekundu! Mpanda baiskeli anayejua kutazama atakueleza macho hayo yametoka wapi. Miti ilikatwa, kuni zikaadimika, bibi akapikia kinyesi cha ng'ombe kikavu, akakaa na moshi maisha yake yote. Mwendo wa njia moja ya kijijini unakupitisha kwenye hesabu hiyo yote: kilima kilichobaki mawe matupu, mwanamke mwenye mzigo wa kuni kichwani kutoka mbali, jiko lenye moshi. Na mbele kidogo unaweza kukuta dawa yake, ngitili, eneo lililofungwa malisho na miti irudi. Ni desturi ya zamani ya Wasukuma, ikahuishwa na mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986, Bariadi ikiwa bado Mkoa wa Shinyanga. Simiyu ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012.

Ndani ya basi mambo hayo yote ni vumbi dirishani. Kwenye pikipiki ni upepo. Kwa miguu utayaona, lakini utaona kijiji kimoja kwa siku. Baiskeli ndiyo mwendo wa mwandishi: ina kasi ya kukufikisha, na upole wa kukusimamisha.

Kuna watakaosema fasihi kubwa haitoki porini. Tazameni upande wa pili wa Ghuba ya Speke, kisiwani Ukerewe. Aniceti Kitereza alikamilisha mwaka 1945, kwa Kikerewe, riwaya kubwa juu ya Myombekere na Bugonoka: kilimo, ndoa, utasa, pombe, uvuvi, salamu za wakwe. Hakuazima jiji la mtu. Alisubiri zaidi ya miaka 30 mpaka kitabu kikatoka kwa Kiswahili, na leo kinasomwa hata Ulaya. Sisi tunaandika mapenzi ya Masaki, ambako hatujawahi hata kupanda daladala ya kupita.

Na dada zetu je? Mpaka leo tunawaona kwenye keria kuliko kwenye siti. Kaka anaendesha, dada anabebwa. Msiniambie ni mila wala ni nguvu. Kwenye mashindano ya baiskeli ya Kanda ya Ziwa wanawake wana mbio zao, na wanapiga kilomita ambazo wengi wa hapo kijiweni watazimalizia juu ya lori. Njia inayomfaa kaka peke yake bado haijawa njia nzuri. Dada naye ataona jikoni na kisimani mambo ambayo kaka hakaribishwi kuyaona, na tunayahitaji kwenye kurasa hizi.

Kwa hiyo tuwekeane sharti. Kijiji ambacho hujakifikia kwa jasho lako, usikitungie sifa, mbaya wala nzuri. Nunua viraka, solusheni na pampu. Mpelekee fundi baiskeli ya mzee akaze spoki na kupaka mnyororo mafuta. Muulize muuza maziwa njia. Halafu uende, ukae, usikilize, urudi kabla ya giza, uandike ulichokiona.

Ukirudi bado unasema hakuna pa kwenda, nitakunyamazia. Lakini uwe umerudi kwanza.