GPS Ikiruka Usiku Kizingo, Usikimbilie Kulaumu Bando

Wasee, mnakumbuka ile wikendi ya Mei 2024? Ijumaa tarehe 10 jua lilitutupia dhoruba kali kuliko zote tangu 2003. Jumapili tarehe 12 net ikalala Kenya na Tanzania. Ilikuwa rahisi kusema jua ndilo limeua net, lakini zii. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika. Dhoruba ya jua haikati waya uliolala huko chini.

Noma yake iko kwa GPS. Signal inashuka kutoka kwa setilaiti kama kilomita 20,000 juu, na lazima ipite ionosfia, tabaka la hewa linalochajiwa na jua. Jua likizama, sehemu ya chini ya tabaka inapoteza chaji chapchap, ya juu inabaki nzito. Ile nyepesi inapanda kama mapovu ya maji yakichemka. Mapovu yanazaliwa kwenye ikweta ya sumaku, inayopita Ethiopia, na yakirefuka sana yanafika mpaka juu ya Mombasa. Msimu mkali ni Machi na Aprili, halafu Septemba na Oktoba, hasa miaka ambayo jua limechachamaa.

Wanasayansi wakitaka kuyaiga kwa kompyuta, njia moja ni kuchukulia tabaka lote kama kioo chembamba chenye mikunjo, kilomita kama 350 juu. Mawimbi yakipita pale yanapinda, yakifika chini mengine yanaongezana, mengine yanauana. Ushaona ile mistari ya mwanga inayocheza kwenye ubavu wa mashua? Ndiyo hiyo, ila hapa simu yako ndiyo mashua.

Usichanganye mambo lakini. Kwa vichochoro vya Mji wa Kale, GPS inaruka sababu signal inagonga kuta. Kizingo pale Lighthouse umekaa na muhogo wako, mbingu wazi, hakuna ukuta wa kusingizia. Saa mbili usiku doti ikitembea na wewe hujaondoka, anga nayo iingie kwa orodha ya washukiwa.

Dereva wa teksi akipotezwa mita chache atakupigia, "Bro, uko wapi?" Meli inayoingia Kilindini, inayopita mbele ya macho yako hapo hapo, ina miamba pande zote mbili. Ndiyo maana rubani wa bandari bado hupanda melini na kufuata taa na maboya.

Modeli inaweza kusema usiku wa leo uwezekano ni mkubwa. Haiwezi kusema povu gani litapita juu ya Likoni saa tatu. Kwa hilo unahitaji vipokezi hapa hapa Pwani, vikirekodi kila usiku, na data iachwe wazi mabroo wa chuo pale Tudor waichambue wenyewe.