Mwenyeji Akutembeze Mjini



Wakulima wengi wa Shinyanga na Geita wamefika Mwanza. Wamempeleka mgonjwa Bugando. Wamekwenda kununua bati, au kutafuta kipuri cha mashine ya kusaga. Lakini ukimwuliza mmoja wao, "Mwanza umeona nini?" atakutajia stendi, wodi na duka moja. Nauli amelipa, siku mbili za kazi zimepotea, na mji hakuuona.

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la Wazungu peke yao. Jambo hilo ni kutembezwa mjini kwa miguu, na mwenyeji anayeijua kazi hiyo, kwa malipo mliyopatana. Nasema kwa malipo. Shemeji yako anayekaa Mabatini anaweza kukutembeza jioni, lakini akili yake iko kwenye daladala ya kurudi nyumbani. Mimi namsema mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake. Anatembea nanyi peke yenu, kwa mwendo wenu, na mnamwuliza mnalotaka.

Labda utauliza, bwana shamba ana habari gani na mambo ya mjini? Kazi yangu ni kutembea katika mashamba ya watu. Nikisimama barabarani naona pamba tu. Mwenye shamba akinishika mkono nikaingia ndani, ananionesha mahali maji yanaposimama, kona ambayo mchwa huanza, na mti ambao baba yake alikataza usikatwe. Shamba lina maneno yake, na mwenyeji ndiye anayeyajua. Mji nao ni hivyo hivyo.

Mwaka juzi nilikwenda Mwanza na wakulima 6 wa kijiji kimoja cha Shinyanga, wanaume 3 na wanawake 3. Shughuli yetu iliisha mapema, na basi letu lilikuwa la kesho yake. Nikasema tumtafute kijana atutembeze. Mzee mmoja katika sisi akacheka sana. "Nilipe mtu ili nitembee? Kwani miguu ni yake?"

Tulimpata kijana mmoja mwenye kitambulisho cha kazi shingoni. Hapo usione haya kukisoma. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka anayefanya kazi ya kuongoza watalii awe na leseni. Mtu anayekufuata stendi na kukuvuta mkoba si mwongozaji, hata kama anaijua kila njia. Tulipatana kabla hatujapiga hatua moja. Alitaka shilingi 40,000, tukakubaliana 35,000 kwa saa tatu. Tulikuwa watu 7, kwa hiyo kila mmoja alitoa 5,000. Fedha hiyo haifiki bei ya jogoo. Nusu tulimpa mwanzo, na nusu tuliishika mpaka mwisho.

Tulipatana naye pia jambo la pili, nalo ni kubwa kama bei. Tulimwambia, "Hatutaki kupelekwa madukani." Waongozaji wengine wana rafiki mwenye duka. Ukinunua kitu pale, rafiki humpa mwongozaji chochote, na hicho chochote kimo ndani ya bei uliyolipa wewe. Kijana wetu alitabasamu, akasema amesikia.

Tulianza karibu na kivuko cha Kamanga. Hapo liko Jiwe la Bismarck, lile jiwe lililosimama majini ambalo picha yake imo katika kalenda nyingi. Kijana akatueleza kwamba Otto von Bismarck alikuwa mkuu wa serikali ya Ujerumani wakati Wajerumani walipoichukua nchi yetu katika miaka ya 1880. Mzee akauliza, "Alikaa hapa?" Hapana. Bismarck hakufika Afrika kabisa. Jiwe lilipewa jina la mtu ambaye hakuliona.

Halafu kijana akanyosha kidole upande wa kisiwa cha Saanane. Hatukwenda huko, maana kuna boti na kiingilio chake. Lakini jina lenyewe lilitufurahisha. Mzee Saanane alikuwa mkulima na mvuvi aliyeishi kisiwani. Mwaka 1964 alihamishwa ili pawe bustani ya wanyama, na jina lake likabaki. Mwaka 2013 kisiwa hicho kikawa Hifadhi ya Taifa. Basi fikiri, ndugu msomaji. Kuna jiwe lenye jina la mkubwa wa ng'ambo, na hatua chache ndani ya maji kuna hifadhi ya taifa yenye jina la mvuvi. Bila mwenyeji, tungeona mawe na maji tu.

Kutoka hapo tulipanda mpaka kwenye mnara wa saa. Kuna kibao pale kinachotaja Mwingereza, John Hanning Speke. Kinasema kwamba tarehe 3 Agosti 1858, akiwa kilima cha Isamilo, Speke aligundua ziwa hili. Kijana alitusomea, kisha akataka tuendelee. Mzee wetu hakuondoka.

"Aligundua?" akauliza. "Na waliokuwa wakivua humo siku hiyo, walikuwa wanafanya nini?"

Watu wakacheka. Lakini mzee hakuwa anacheka. Akauliza tena, "Huyo Speke alipita njia gani? Nani alimwonesha?"

Hapo kijana akawa mwongozaji hasa. Hakuona aibu kuulizwa. Akatukalisha kivulini, akatueleza habari ambayo nami niliisoma baadaye na kuiona kuwa ni ya kweli. Nitaieleza kwa urefu kidogo, kwa sababu inahusu nchi yetu hii.

Speke alitoka Tabora mwezi Julai 1858. Wakati huo watu wa misafara walipaita Kazeh. Mwenzake, Richard Burton, alikuwa mgonjwa akabaki. Speke alitembea kwenda kaskazini siku zisizofika 30, akapita katika nchi ya Wasukuma, akapita Msalala, ambayo leo ni halmashauri katika Mkoa wa Shinyanga. Kisukuma alikuwa hakijui. Njia alikuwa haijui. Kila msafara wa siku zile ulikuwa na kirangozi, yaani mtu anayetangulia mbele kuonesha njia. Tena Speke alikuwa na mtu aliyeitwa Sidi Mubarak Bombay.

Bombay alikuwa Myao. Alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani, akapelekwa India. Huko alijifunza Kihindi. Alipopata uhuru alirudi upande huu wa bahari. Speke naye alikijua Kihindi kwa sababu alikuwa askari India. Basi Speke akisema neno kwa Kihindi, Bombay aligeuza kuwa Kiswahili, na mwingine akaligeuza kuwa lugha ya wenyeji. Maneno yote ya safari ile yalipita katika kinywa cha Bombay. Baadaye alisafiri na Henry Morton Stanley mwaka 1871, na tena na Verney Lovett Cameron, ambaye msafara wake ulivuka Afrika kutoka bahari hii mpaka bahari ya magharibi. Mwaka 1876 chama cha wanajiografia cha London kilimpa nishani ya fedha.

Mzee akasema polepole, "Kwa hiyo Speke naye alitembezwa."

Ndiyo, alitembezwa. Akafika Isamilo, akaona maji, akayaita Victoria kwa heshima ya malkia wake. Wenyeji walikuwa wanayaita Nyanza, na mpaka leo tunayaita hivyo. Jina la Mwanza linatokana na neno hilo hilo.

Nakuomba uone mambo mawili hapo. Kwanza, kibao si msahafu. Mwongozaji akikusomea kibao, mwulize nani alikiandika na nani hakuandikwa. Pili, mwongozaji mwema haogopi swali. Akikukasirikia kwa sababu umeuliza, jua kwamba amekariri, hajui.

Wanawake wetu nao walikuwa na swali lao. Mama mmoja alisema, "Tumezunguka saa mbili. Pamba yetu iko wapi katika mji huu?" Kijana akataja reli, iliyotoka Tabora na kufika Mwanza mwaka 1928, ikipita Shinyanga. Akakwama hapo. Basi mzee, yule aliyekataa kulipa kwa ajili ya miguu yake, akachukua zamu. Akaeleza jinsi wakulima walivyolalamikia mizani za wanunuzi wa pamba wakati wa Mwingereza. Akaeleza jinsi walivyoanza kuweka watu wao wenyewe waone uzani. Akamtaja Paul Bomani, na muungano wa vyama vya ushirika vya pamba wa mwaka 1955, ambao makao yake yalikuwa Mwanza hapa hapa. Kijana akatoa daftari mfukoni, akaandika. Watalii watakaokuja baada yetu watasikia habari za mizani, na hawatajua zilitoka kijiji gani.

Tulimalizia Makoroboi. Jina hilo lilitokana na taa za koroboi, ambazo mafundi wa bati walizitengeneza kwa makopo. Wengi wetu tumejifunza kusoma kwa taa hizo, kwa hiyo hatukuhitaji maelezo mengi. Tulimlipa kijana nusu yake. Mzee alimwongezea 1,000 kutoka mfuko wake, akamwuliza jina la baba yake.

Sasa niseme machache ya kukusaidia ukienda.

Anza asubuhi, au baada ya saa tisa alasiri. Mwanza ni mji wa mawe, na mawe ya mchana huchoma kama chungu jikoni. Vaa viatu ulivyovizoea. Viatu vipya vilivyonunuliwa kwa ajili ya safari vitakuumiza kabla hujafika mnara wa saa. Beba maji. Fedha nyingi ziache mahali salama, na simu usiishike mkononi katika msongamano. Usipige picha ya mtu bila kumwomba, na usipige picha bandarini wala stesheni bila kuuliza kama inaruhusiwa. Ukiwa mwanamke na unakwenda peke yako, mpigie ndugu yako simu mbele ya mwongozaji. Mtajie ndugu yako jina la mwongozaji, namba yake na saa mtakayorudi. Mwongozaji wa kweli hatachukia. Tena mkiwa na mzee au mtu mwenye mguu mbaya, semeni mapema. Matembezi ni yenu peke yenu, mna haki ya kukaa kila mnapochoka.

Ndugu wa Geita, kwenu safari imekuwa nyepesi. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa mwezi Juni 2025. Lina urefu wa kama kilomita 3, na zamani hapo mlingoja kivuko. Mtu anaweza kutoka Geita asubuhi, akatembezwa Mwanza, akarudi siku hiyo hiyo.

Lakini daraja lina pande mbili. Wageni nao watavuka kuja kwenu. Nani atawatembeza? Nawauliza hasa vijana mliomaliza shule na mnakaa chini ya mwembe. Shinyanga kuna habari za Mwadui, mahali John Williamson alipopata almasi mwaka 1940. Kuna ngitili zetu. Watu wa nje walituita nchi ya jangwa. Mradi wa HASHI ulianza mwaka 1986, na wakulima wakairudisha miti kwa desturi yao ya zamani ya kufunga malisho. Nimewahi kuona wageni waliosoma sana wakisimama katika ngitili na kuuliza maswali mpaka jua likazama. Aliyewajibu vizuri kuliko wote alikuwa mchunga ng'ombe.

Ukitaka kazi hiyo, anza kwa wazee wako. Waulize majina ya vilima, visima na miti mikubwa, uandike. Halafu nenda ofisi ya halmashauri, umwone ofisa utamaduni au ofisa utalii, akueleze habari za leseni. Na kwa Geita natoa onyo moja. Usimpeleke mgeni kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo kwa kuwa tu amekuahidi fedha nzuri. Mashimo huporomoka, na mahali wanapooshea dhahabu pana zebaki, ambayo ni sumu kwake na kwako pia. Mwoneshe dhahabu sokoni, ikiwa imeshatoka ardhini.

Kama kijijini kwenu mko watu watano au sita mnaotaka kwenda Mwanza baada ya kuuza pamba, mwoneni bwana shamba wenu au mwalimu wa kisomo. Pangeni siku moja, mchange mapema, na kila mtu aje na swali lake.

Mwezi ujao tutarudi shambani. Tutazungumza juu ya kung'oa maotea ya pamba.