Shahada ya majengo yenye afya isomwe wapi?

WAKATI majengo marefu ya vioo yakizidi kuchomoza katikati ya Jiji la Dar es Salaam, lipo swali ambalo wenye majengo hayo huulizwa kwa nadra: watakaofanya kazi ndani yake watapumua hewa ipi siku umeme utakapokatika?

Jibu linafahamika kwa kila aliyewahi kukaa ghorofa ya saba bila kiyoyozi. Jengo la vioo lisilo na madirisha ya kufunguka hugeuka tanuri kwa muda mfupi, na wafanyakazi hushuka ngazi kwenda kutafuta kivuli cha mwembe. Hata umeme unapokuwapo, gharama ya kuliondoa joto ambalo mbunifu mwenyewe alilikaribisha ndani hulipwa kila mwezi na mpangaji, si na aliyechora ramani.

Hapo ndipo shahada ya uzamili ya usanifu wa majengo yenye afya na endelevu inapopata uzito wake. Masomo hayo huunganisha mambo ambayo shahada ya kwanza huyagusa juu juu: mwenendo wa jua na upepo, ubora wa hewa, mwanga, kelele, magonjwa, na pia nishati inayoteketea kutengeneza saruji na chuma kabla tofali la kwanza halijawekwa.

Tatizo ni mahali yanaposomwa. Kijana wa Kitanzania au Mkenya anayeitaka elimu hiyo kwa kina hujikuta akitazama Ulaya, ambako mwanafunzi wa kigeni hutozwa ada kubwa kuliko mwenyeji.

Kuna kinaya katika jambo hilo, maana sehemu ya elimu hiyo ilizaliwa kutokana na swali la Mwafrika. Mwaka 1953 ulifanyika mkutano katika chuo cha University College London kuhusu usanifu wa nchi za joto, baada ya mwanafunzi kutoka Nigeria, Adedokun Adeyemi, kushinikiza kwamba wanafunzi wa kutoka makoloni walikuwa wakifundishwa kujenga nyumba za baridi. Mwaka uliofuata, shule ya Architectural Association ya London ilianzisha idara ya usanifu wa nchi za joto, ambayo baadaye iliongozwa na Otto Koenigsberger, Mjerumani aliyekuwa amefanya kazi India. Mwaka 1971 kazi hiyo ilihamia University College London, na chuo hicho kimekuja kuwa miongoni mwa vinavyotoa shahada ya uzamili inayohusu afya, ustawi na majengo endelevu.

Zaidi ya miaka 70 baadaye, malalamiko ya Adeyemi hayajaisha nguvu. Katika nchi za baridi adui ni joto linalotoroka, kwa hiyo mwanafunzi hufunzwa kuziba kila ufa. Mbagala au Mtwara adui ni joto lililonaswa ndani. Upenyo ulio kati ya ukuta na paa, ambao fundi wa mtaani huuacha ili nyumba ipumue, ndio pia mlango mkuu wa mbu anayeeneza malaria. Ukiuziba, mbu hupungua lakini watoto hulala kwa jasho na kuusukuma mbali wavu wa chandarua. Ukiuacha wazi, wanapata hewa na homa pamoja.

Fumbo hilo halina jibu katika vitabu vya baridi. Limekuwa likitafutiwa jibu mkoani Mtwara, ambako watafiti walijenga nyumba 110 za mfano katika vijiji 60 na kuzigawa kwa familia kwa bahati nasibu. Ni nyumba za ghorofa moja, vyumba vya kulala vikiwa juu, kuta zikiwa na wavu unaopitisha upepo na kuzuia mbu, jiko likitoa moshi nje na choo kikiwa kimekingwa dhidi ya nzi. Mpango ulikuwa kuwafuatilia watoto wa umri wa chini ya miaka 13 kwa miaka mitatu, wakilinganishwa na wa nyumba za kawaida, kwa malaria, kuhara na magonjwa ya njia ya hewa.

Hapo mbunifu amekubali kupimwa kwa afya ya mtoto, si kwa uzuri wa picha. Na kipimo hicho kinaweza kumwaibisha. Nchini Gambia, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa nyumba zilizoezekwa bati, zikazibwa mapenyo na kuwekewa milango yenye wavu, hazikuwapunguzia watoto malaria ikilinganishwa na za makuti, pande zote mbili zikiwa zimepewa vyandarua. Mchoraji asiyesoma utafiti angeendelea kuziuza nyumba hizo kama dawa.

Mfano wa karibu zaidi ni Hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2011. Waliokuwa wanafunzi wa uzamili wa usanifu katika Chuo Kikuu cha Harvard waliichora wakiwa na fundisho la Tugela Ferry, Afrika Kusini, ambako wagonjwa waliambukizana kifua kikuu sugu wakiwa hospitalini. Korido zilitolewa nje, madirisha yakapandishwa juu na mapangaboi makubwa yakawekwa ili hewa isikae. Mawe ya volkano ya eneo hilo ndiyo yaliyojenga kuta.

Kwa hiyo hoja kwamba elimu hii haiwezi kukua Afrika Mashariki haina mashiko. Chuo Kikuu Ardhi, kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2007, kinafundisha uzamili wa usanifu majengo. Muhimbili wapo wataalamu wa afya ya jamii, na Taasisi ya Afya Ifakara imemchunguza mbu kwa miongo kadhaa. Kinachokosekana ni darasa linalowakalisha hao watatu meza moja, na fedha za kumlipia mwanafunzi mwaka mzima wa kupima nyumba za watu kwa kipimajoto na mtego wa mbu badala ya kuchora mnara mwingine.

Hata hivyo, darasa peke yake halitatosha. Mwenye kiwanja anayepeleka ramani halmashauri huulizwa kuhusu nguzo, choo na umbali kutoka mpaka wa jirani. Ni nadra kuulizwa jua la saa tisa alasiri litaingia kwa dirisha lipi. Mhitimu aliyerudi na shahada yake, akimwambia mteja ageuze jengo lisitazame magharibi na apunguze vioo, hujibiwa kwamba yupo mbunifu mwingine mtaa wa pili, mwenye bei nafuu na asiye na maswali mengi.