Mbolea Tunayoichoma

Kila ifikapo Februari, moshi hutanda juu ya mashamba ya Kabazi. Ni mabua ya mahindi yanayoteketezwa ili plau ipite bila kizuizi. Wiki chache baadaye, wakulima wale wale huonekana kwenye foleni wakingoja mbolea. Nilikulia katika desturi hiyo, na sikuwahi kujiuliza kinachopaa na moshi ule ni nini.

Bua la mhindi limejengwa kwa hewa zaidi kuliko kwa udongo. Mmea huvuta hewa ukaa, ambayo ni sehemu 4 tu katika kila 10,000 za hewa tunayopumua, ukatumia mwanga wa jua kuigeuza kuwa wanga na nyuzi. Bua likiachwa lioze, kuvu na bakteria hulila. Kaboni kiasi hurudi hewani na kiasi hubaki ardhini kama mboji inayoshika maji. Likichomwa, kaboni yote karibu huondoka kwa dakika chache, na nitrojeni nyingi huandamana nayo. Jivu hubakiza potasiamu na chokaa kidogo.

Nitrojeni ndiyo yenye kinaya kikubwa. Ni asilimia 78 ya hewa, lakini mhindi hauwezi kuitumia ikiwa hewani. Bakteria waishio katika vinundu vya mizizi ya maharagwe huweza kuinasa. Ng'oa mharagwe, pasua kinundu, na ukikiona chekundu ndani, ujue kazi inaendelea. Binadamu aliipata siri hiyo kwa njia yake mwaka 1909, Mjerumani Fritz Haber alipounda amonia kutokana na hewa kwa joto na mgandamizo mkubwa. Viwanda vya leo hutegemea sana gesi asilia kwa kazi hiyo, na kwa hivyo vita vya Ukraine vya 2022 vilifika hadi mfukoni mwa mkulima wa Subukia.

Serikali iliteremsha bei ya gunia la kilo 50 hadi shilingi 3,500 Septemba 2022, kisha 2,500 Agosti 2023. Mwaka 2024 ikabainika kwamba wakulima waliuziwa mbolea ghushi, nyingine kupitia maghala ya Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao. Bunge lilipiga kura Mei 2 kumwondoa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi. Kamati teule ikamwondolea lawama baada ya siku chache.

Mjadala ule wote ulihusu nani aliyeiba. Mimi, kwa kazi yangu ya isimu, nilisikia jambo jingine: neno moja, mbolea, lilibeba samadi, mboji, yurea na mchanga uliotiwa guniani. Mzunguko wa nitrojeni umefundishwa kwa miaka mingi katika kidato cha tatu, kwa Kiingereza, kama mchoro wa mishale wa kukaririwa kabla ya mtihani. Mwanafunzi huurudisha kwenye karatasi, akaenda nyumbani kumsaidia babake kuchoma mabua. Hatuwezi kusingizia uhaba wa istilahi, maana Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990. Nayo katiba yetu ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi. (Sijui walimu wenzangu wangapi wa sayansi wamewahi kuifungua kamusi hiyo, wa Kiswahili ninawajua, nao ni wachache.)

Msimu uliopita jirani yangu, mzee aliyelima kwa zaidi ya miaka 40, aliniita nimsomee gunia la yurea.

"Daktari, hii 46 ni bei ya wapi?"

Nikamweleza kuwa ni asilimia ya nitrojeni, yaani kilo 23 katika gunia. Alinyamaza, akaangalia rundo la samadi lililoanikwa juani nyuma ya zizi, likinuka amonia.

"Na hiyo harufu?"

"Ndiyo hiyo hiyo, mzee. Inaondoka."

Jioni aliwatuma wajukuu wakate majani ya migomba, wakalifunika.