Miguu Ni Ileile

Mwandishi aliyedai kwamba Manchester United ilimaliza ya 15 msimu wa 2024/25 kwa sababu ya wachezaji wabovu amekosea, na mashabiki wenzangu wa Makutano, Meru, hadi Embu mjini wanaomuunga mkono wamekosea pia. Scott McTominay aliuzwa Napoli Agosti 2024. Msimu huohuo akatwaa ubingwa wa Italia na kutajwa mchezaji bora wa ligi. Antony, tuliyembeza sote, akaondoka United kwenda Betis na kuisaidia kufika fainali ya Ulaya. Miguu ni ileile! Diogo Dalot, beki wa mguu wa kulia, alipangwa kushoto ili mfumo wa 3-4-3 utimie: anapanda, anasimama, anaurudisha mpira kulia, wapinzani wamekwisha kujipanga. Lawama ya kwanza ni ya mfumo.