Ghorofa ya 11, dirisha halifunguki

Jumanne nilimsindikiza shangazi yangu Posta, jijini Dar es Salaam, kufuatilia hati ya kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe. Ofisi yenyewe iko ghorofa ya 11, kwenye jengo lililovalishwa vioo vya bluu kuanzia chini hadi kileleni. Saa nane na robo mchana umeme ukakatika. Jenereta ikawaka, taa za korido zikarudi, lifti moja ikarudi. Kiyoyozi hakikurudi.

Nina ugomvi wa siku nyingi na majengo ya vioo. Basi safari hii nimeyaona madhara yake mwenyewe, tena nikiwa na shangazi mgonjwa wa presha mkononi.

Hazikupita dakika kumi, watu zaidi ya ishirini tukawa tunatota jasho. Shangazi alikuwa akijipepea kwa bahasha ya kaki iliyobeba hati zake zote. Nikaenda dirishani kutafuta komeo, nikapapasa fremu nzima, sikuona. Nikamuuliza dada wa mapokezi linafunguliwa wapi.

"Hayafunguki, kaka. Yalijengwa hivyohivyo."

Shangazi akasikia. "Mwanangu, nyumba ya watu inakosaje pa kupitisha upepo?"

"Pole sana, mama," yule dada akamwambia, akamletea maji ya kunywa. Zaidi ya hapo angefanya nini?

Kilichonichoma zaidi ni maboksi. Upande wa magharibi wafanyakazi wamekata maboksi ya karatasi wakayabandika kwenye vioo kwa selotepu, kutoka usawa wa meza hadi juu ya vichwa vyao. Selotepu imegeuka rangi ya chai, kwa hiyo si ya juzi. Wameyabandika ili jua la alasiri lisiwaunguze na skrini za kompyuta zisomeke. Na kwa kuwa maboksi yameleta giza, taa huwashwa mchana kutwa. Yaani kioo kimenunuliwa kwa ajili ya mwanga, kikazibwa, kisha mwanga ukanunuliwa tena kwa umeme. Halafu pale chini, mlangoni, kuna bango linalosema jengo hili ni rafiki wa mazingira. Nasema bila kumung'unya maneno: ni uongo.

Dar es Salaam iko nyuzi karibu 7 kusini mwa Ikweta. Adhuhuri jua liko karibu na utosi, asubuhi na alasiri linapiga kuta za mashariki na magharibi. Fundi wa Mbagala ambaye hajakanyaga chuo anajua hilo, ndiyo maana anauliza jua linatua wapi kabla hajachimba msingi. Ghorofa refu la mji huu lilipaswa kuelekeza mbavu zake nyembamba mashariki na magharibi, na uso mpana utazame kaskazini na kusini, ambako pia ndiko tunakopata kaskazi na kusi. Mababu waliendesha majahazi kwa pepo hizo. Sisi tunazifungia nje kwa kioo kisha tunalipia feni.

Na msiniambie kwamba jengo refu la nchi ya joto lazima liwe hivyo. Nje ya Kuala Lumpur, Malaysia, kwenye joto na unyevu kama wetu, lipo Menara Mesiniaga, jengo la ghorofa 15 lililokamilika 1992. Msanifu wake, Ken Yeang, alipanga lifti, ngazi na vyoo upande wa mashariki vikawa ngao ya jua la asubuhi, akaviachia hewa na mwanga wa nje. Madirisha yanayopigwa na jua akayawekea vivuli vya alumini, na bustani zinapanda zikilizunguka jengo hadi juu. Maofisi yana viyoyozi, lakini umeme ukizimika, mtu kwenye ngazi anaona anapokanyaga na anavuta hewa. Hiyo ni kazi ya zaidi ya miaka thelathini iliyopita.

Hata hapa nyumbani akili hiyo ilikuwepo. Beda Amuli alipochora Soko la Kariakoo, miaka ya 1970, aliliezeka kwa miavuli ya zege inayotoa kivuli na kukusanya maji ya mvua. Leo tunaita maendeleo kile kinachong'aa kwenye picha kama Dubai.

Chanzo cha haya yote ni kwamba anayejenga siye anayelipa bili. Mwenye jengo anataka ling'ae, kiyoyozi atalipia mpangaji. Ndiyo maana kivuli, baraza na dirisha la kufunguka ndivyo vinavyofutwa kwanza kwenye michoro kwa jina la kupunguza gharama. Wasiwasi huo ninao hata kwa majengo yanayopangwa: mwaka 2021 ilitangazwa michoro ya mnara wa mbao wa mita 96 kule Fumba, Zanzibar, na watu wakabishana kama mbao zitahimili. Swali zuri. Langu ni kama mkaazi wa juu ataweza kufungua dirisha usiku wa Februari.

Tulisubiri lifti ile moja dakika arobaini. Tuliposhuka tukavuka barabara, tukakuta nusu ya wafanyakazi wa jengo lile wamekaa chini ya mwarobaini, kwa muuza madafu. Shangazi akanywa dafu moja taratibu, mikono ikaacha kutetemeka. Hati haikushughulikiwa. Ameambiwa arudi Ijumaa.

Ninyi mnaosaini vibali vya ujenzi, nawaomba jambo moja. Kabla ya kugonga muhuri, mwulizeni msanifu: umeme ukikatika saa nane mchana, mama wa miaka 71 aliye ghorofa ya 11 atavuta hewa kutoka wapi? Asipokuwa na jibu, mrudishieni michoro yake.