Hiace ina uendeshaji wake

Wengi wanaouza gari dogo na kununua Hiace ya kubeba wanafunzi au abiria huingia nayo barabarani siku hiyo hiyo, eti usukani ni usukani. Hatukubaliani nao.

Katika Hiace nyingi, injini iko chini ya viti vya mbele na dereva amekaa juu ya matairi ya mbele. Ukikata kona mapema kama ulivyozoea, pua itapita salama, lakini tairi la nyuma la upande wa ndani litapanda ukingo wa barabara, pale pale wanaposimama watoto wakisubiri kuvuka. Sogea mbele zaidi ndipo uzungushe usukani, jicho likiwa kwenye kioo cha pembeni. Gari likijaa, kioo cha ndani kitakuonyesha vichwa vya abiria tu. Ukirudi nyuma, konda ashuke, asimame unapomwona.

Breki nazo zinataka nafasi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hupita mita 22 kila sekunde. Likiwa limejaa watu, na mizigo imepangwa kwenye keria, huchelewa kusimama na huyumba kwenye kona. Mizigo mizito ikae chini. Upepo wa matairi upimwe asubuhi, yakiwa bado baridi.

Sheria ya Tanzania inamtaka anayebeba abiria awe na leseni ya mojawapo ya madaraja ya C. Hata hivyo, tunawaomba wamiliki wasitoe funguo kwa kuangalia leseni peke yake. Wampeleke dereva kwanza kwenye uwanja mtupu, akate kona na kurudi nyuma, kisha wapakie mifuko ya mchanga na kumpima breki.